Ramani ya Taveta: safu ya kabila nimeifuta

Wiki ya kwanza

Nimeunganisha karatasi nne za manila kwa selotepu, nikazitandaza sakafuni. Nataka Taveta yote, mji wetu wa Kenya mpakani na Tanzania, iingie humo: Mto Lumi na msitu uliobaki kando yake, stesheni, soko, mashamba ya mkonge, barabara ya kwenda Holili, upande wa Tanzania. Kila mzee nitakayemhoji atapata namba penye nyumba yake, na namba hiyo utaikuta daftarini pamoja na umri, kabila na alikozaliwa babu yake.

Wiki ya pili

Mpango umekwama kwa mtu wa pili. Ni nyanya mmoja (hapo Holili, mwendo mfupi tu, wangemwita bibi) anayeuza ndizi siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya mikungu yake zaidi ya saa mbili. Mteja kutoka ng'ambo alimsalimu Kichaga, akamjibu Kichaga. Hela akazihesabu kwa Kiswahili. Mjukuu akagusa mkungu uliokwisha kulipiwa, akakaripiwa Kitaveta. Nilipofika kwenye safu ya kabila akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

"Mwanangu, wataka la baba, la mama, au la huyu aliyenioa?"

Baba Mpare, mama Mtaveta, mume Mkamba. Nikayaandika yote matatu na kisanduku kikajaa. Usiku nikaifuta safu nzima, mahali pake nikaweka swali jingine: babu yako alifika hapa kwa njia gani? Nilihangaika na watu wawili kabla ya kugundua kwamba hili ndilo swali ambalo watu wenyewe hupenda kulijibu.

Wiki ya nne

Rekodi ya mzee wa nne haifai. Tuliketi karibu na mashine ya kusaga unga na sikulifikiria hilo. Kinachosikika ni ngurumo tu na mzee akikohoa. Nitamrudia na sukari kilo moja ya kuomba radhi.

Wengine wanaanzia mbali. Kabla ya mipaka yote, Wataveta waliishi ndani ya msitu wa Lumi, wakaweka malango ya magogo kwenye vijia vyembamba ili wavamizi wasipenye. Misafara kutoka Mombasa na Pangani ilipiga kambi hapo, ikapumzika na kununua chakula kabla ya kuingia Umasaini. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, alipita mwaka 1883. Na hao wa msituni nao hawakuwa ukoo mmoja. Walikuwemo waliotoka Upare, Taita, Ukambani, Uchagani na Usambara, na baadaye Wakwavi, wafugaji wanaozungumza Kimasai, waliopoteza mifugo yao vitani. Kwa hiyo anayejiita Mtaveta wa asili namwandikia njia yake kama wengine. Mmoja amenuna.

Mstari wa mpaka wenyewe uliwekwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886: kutoka mlango wa Mto Umba moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, kisha kati ya Taveta na Uchagani, halafu kuuzunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini. Kila kijiwe nilichoketi nimesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Kaiser Wilhelm. Hadithi tamu, ila Wilhelm alitawazwa 1888, miaka miwili baada ya mkataba. Nimemwambia hivyo muuza kahawa naye akanijibu kwamba malkia alijua atatawala tu. Hapo sina la kusema.

Wiki ya saba

Wiki hii ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Februari 12, 1916, Waafrika Kusini wa jeshi la Waingereza walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, akaja na jeshi kubwa, wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata. Ili kulilisha jeshi hilo, reli ilitandazwa kutoka Voi, na mwaka huohuo ikaunganishwa na ile ya Wajerumani kule Kahe. Yaani stesheni yetu ni mtoto wa vita.

Nilizunguka makaburi ya wanajeshi nikinakili: jina, kikosi, tarehe. Mzee niliyekwenda naye hakuyatazama sana. Babu yake alikuwa mpagazi, wale wa Carrier Corps waliozaa neno kariakoo, akabaki hapa baada ya vita kwa sababu, kwa maneno yake, "miguu ilikataa kurudi." Mzee akaninyang'anya ramani, akaitandaza juu ya ukuta mfupi, akachora kwa kidole njia waliyobebea mizigo. Kidole kilikuwa na vumbi jekundu. Alama imebaki na sitaifuta.

Kuhusu mkonge nitaandika kidogo kwa sasa, kwa kuwa kambi tatu za wafanyakazi bado sijafika. Ewart Grogan, mwenye mashamba ya mkonge, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, alijijengea jumba lake kilimani miaka ya 1930, na wageni wote hulipiga picha. Mimi nimevutiwa zaidi na kambi za chini. Mzee aliyezaliwa kambini ambaye baba yake alitoka Nyanza aliniambia Kijaluo chake huchekwa akienda Kisumu.

Wiki ya tisa

Njia mpya ambayo sikuitarajia: kufungwa kwa mpaka. Tanzania iliufunga 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Mama mmoja alikuwa amekuja kumsalimia dada yake kwa siku tatu. Shamba lake lilikuwa ng'ambo, na angeweza kulirudia usiku kwa njia za panya kama wengi walivyofanya, lakini alikuwa na mimba kubwa akaogopa. Akajifungua hapa, akapewa kibanda na mtaji wa nyanya na vitunguu. Mpaka ulipofunguliwa alikwenda kuliona shamba, akakuta shemeji amelipanda kahawa. Akageuka.

Safu ya njia imeandikwa: "mpaka." Karatasi ya nne imejaa upande wa magharibi na Ziwa Chala limebaki nje. Jumamosi nanunua ya tano, niiunganishe upande wa Holili.