Nilivyochagua Mashine ya Kufunga Nyasi Inayolingana na Trekta Yangu Ndogo

Trekta yangu ina nguvu za farasi 30, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kukata nyasi za Boma Rhodes katika viwanja vya Ruai, mashariki mwa Nairobi, ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga, nami navikodi msimu kwa msimu. Kukata hakukunisumbua. Taabu ilikuwa katika kufunga, kwa sababu tulitegemea lile sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 ambalo wafugaji wengi wanalijua. Hutoa robota la kilo 20 hivi likikanyagwa vizuri, lakini linahitaji vijana wa kukanyaga kutwa nzima huku mwenye nyasi akitazama mawingu. Nilipopata uwezo wa kununua mashine, swali halikuwa ipi iliyo bora sokoni, bali ni ipi ambayo trekta hii itaizungusha bila kuumia.

Wauzaji wa Eneo la Viwanda walinionyesha kwanza mashine za marobota ya pembe nne, wala sikuwalaumu, kwa kuwa marobota hayo hupangika ghalani bila kuacha mwanya, na wenye farasi kule Karen na Lang'ata huyapenda. Mashine hizo hushindilia nyasi kwa pistoni inayokwenda mbele na nyuma mara 80 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo hurudi kwenye trekta. Nyingi zina uzito unaozidi tani moja, na kwa kawaida huhitaji nguvu za farasi 35 au zaidi kwenye pitio, yaani ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Trekta yangu yenyewe ina uzito wa tani moja na ushei tu, na mzigo unaokaribia kuizidi ungeweza kuisukuma kila inapofunga breki mtelemkoni.

Muuzaji mmoja alisisitiza kwamba 30 na 35 havipishani sana. Fundi wangu, mzee aliyezoea injini za dizeli kuliko maneno, alimsikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Mama, trekta haivuti kwa karatasi." Tukakaa kwenye benchi lake tukapiga hesabu. Nguvu inayoandikwa kwenye boneti ni ya injini. Ikipita kwenye gia hadi kufika kwenye pitio hupungua, na kitabu cha trekta yangu kinaonyesha 25. Juu ya hapo, injini isiyo na tabochaja, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na dizeli haiungui yote. Ruai iko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo zile 25 zilibaki kama 21. Kuanzia siku hiyo sikuuliza tena bei kabla ya kuuliza nguvu inayohitajika kwenye pitio, na majibu yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia.

Hesabu hiyo iliniacha na mashine ndogo za marobota ya mviringo, zile zinazotoa robota la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa 70, lenye kilo 15 hadi 20 kulingana na ukavu wa nyasi. Ile niliyoipenda ilihitaji nguvu za farasi 18 kwenye pitio ikizungushwa mara 540 kwa dakika, nayo ilikuwa na uzito wa nusu tani hivi. Bado palikuwa na jambo ambalo brosha hazikulitaja, nalo ni klachi. Mashine ya mviringo ikishajaa, dereva husimamisha trekta ili kamba izungushwe kwenye robota, lakini pitio lazima liendelee kuzunguka. Kwa klachi ya hatua moja, ukikanyaga, magurudumu na pitio husimama pamoja, na kuianzisha tena mashine iliyojaa nyasi ni kuitesa injini na bolti ya usalama. Yangu ina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu husimama na pitio huendelea. Nilikagua pia kwamba ina tundu mbili za mafuta ya haidroliki kwa ajili ya kufungua na kufunga mlango wa nyuma.

Viwanja vya Ruai navyo vilikuwa na neno lao. Vimegawanywa vidogo vidogo, na ndani ya nyasi zinazofika kiunoni kuna mawe ya bikoni, yale ya kuonyesha mipaka, usiyoyaona hadi chuma kikugonge, mbali na mabaki ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2017. Kwa sababu hiyo niliitaka mashine inayoning'inia kwenye mikono mitatu ya trekta, ili niinyanyue na kugeuka mahali finyu, badala ya inayokokotwa. Nilihakikisha kwanza kwamba trekta inaweza kunyanyua uzito huo ukiwa mbali kidogo nyuma ya mikono, maana kiwango kinachotangazwa mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono yenyewe, na nikaongeza vyuma vya uzito mbele ili magurudumu ya usukani yasielee. Siku hizi kijana hutangulia na fimbo zenye vitambaa vyekundu kuonyesha bikoni kabla sijaanza kukata.

Umbo la mviringo lina hasara yake: likipangwa, takriban moja ya tano ya nafasi hubaki hewa tupu kati ya marobota, na mwenye lori hutoza safari ileile. Wateja wa Kasarani na Dagoretti waliozoea robota la sanduku walilalamika kuwa langu ni dogo, hivyo sasa nauza kwa kilo, nikipima mbele yao. Kamba nilichagua ya mkonge, ingawa ya plastiki hukatika kwa nadra zaidi, kwa sababu kipande kikisahaulika ndani ya hori, ng'ombe akikila hakitamdhuru kama plastiki.

Kabla ya kufunga hutia nyasi na chumvi kavu ndani ya chupa yenye kifuniko, nikaitikisa. Chumvi ikigandamana, nyasi bado zina maji mengi na zitaota ukungu. Kinachofuata kununuliwa ni reki ya trekta, kwani mistari inayokusanywa kwa mkono haina unene mmoja, na robota hutoka nene upande mmoja na jembamba upande wa pili.