Miguu ya baridi

"Afadhali angekuwa na homa, bibi." Nilimwambia hivyo Jumanne, na mpaka leo maneno hayo yamenikaa kooni. Alikuwa ameshika nyayo za mjukuu wake, njiti wa kilo 1.2, siku ya nne tangu azaliwe, na uso umemchangamka: "Sista, ashukuriwe Mungu, homa haipo. Kapoa." Kipimajoto kilisoma 35.1.

Nilisema kweli, lakini kwa ukali wa mtu anayehangaika kutafuta mshipa. Njiti mara nyingi hana nguvu ya kupandisha homa. Vijidudu vikimwingia kwenye damu anapoa, anakataa maziwa, anasahau kupumua kwa sekunde 20 na zaidi. Na baridi hii ya Moshi ya Julai inatudanganya: tunaongeza blanketi, saa mbili zinapita. Aliyefunikwa vizuri na bado hapati joto, mhesabu mgonjwa.

Damu ya kuotesha maabara ili kutafuta vijidudu, 1 ml, ikachukuliwa kabla ya dawa. Sukari ya damu 1.9, iko chini: glukosi ya asilimia 10, 2.4 ml, taratibu. Kisha dawa mbili za kuua vijidudu: ampisilini 60 mg kila baada ya saa 12, na jentamisini. Jentamisini ndiyo hunitoa jasho. Kwa 3 mg kwa kilo alitakiwa apate 3.6 mg, na kichupa kina 40 mg katika kila ml. Vuta 1 ml, ongeza maji ya sindano mpaka ifike 10 ml, changanya, mpe 0.9 ml. Hiyo 0.9 ikivutwa kwenye dawa isiyozimuliwa ni 36 mg, mara kumi, na figo na masikio ya mtoto ndiyo yanayoumia. Mwenzako asome bomba la sindano kabla hujasukuma. Ngozi ikibonyezwa ilichukua sekunde 5 kurudisha rangi, nyingi mno, akapewa maji ya chumvi ya dripu 12 ml kwa nusu saa. Usiyasukume kwa haraka; mishipa ya ubongo wa njiti hupasuka.

Sendofu ya mdogo wangu ilipita Jumamosi, nami nasikia tu sauti ya bibi ikififia: "Kumbe baridi ndiyo homa yake?"

Jana usiku yeye ndiye aliyeniita. Mkono mmoja tumboni, mwingine nyayoni. "Sista, tumbo lina joto, miguu imepoa." Kofia ilikuwa imelowa maziwa. Joto 36.2, rangi inarudi kwa sekunde 2, anapumua bila kusahau. Tukambadilisha kofia, akarudi kifuani kwa mama yake. Nikamwambia bibi nisamehe ya Jumanne. Akanishika mkono: "Mwanangu, umenifundisha."

Mama kapiga simu asubuhi: kahawa imeiva inaanguka chini, na mchumaji hajapatikana.