Sista na Neno Refu la Wodi ya Watoto

Neno lenyewe lilikuwa "hepatosplenomegaly". Liliandikwa harakaharaka kwenye faili la mtoto mdogo aliyelazwa kwa malaria kali, katika ile hospitali ya Kisumu ambayo wakazi wameizoea kwa jina la Russia, kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga miaka ya 1960. Ilikuwa masika ya mwaka 2011, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Sista msimamizi wa zamu, mama wa Kiluhya aliyekaribia kustaafu, aliniuliza maana yake. Nikaanza kuitoa kama tulivyozoea kukariri, maneno yakifuatana kwa orodha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kijana wangu, ukisema 'nitakuandikia', umesema mambo mangapi?"

Nikalikata: ni, ta, ku, andik, ia. Mtenda, wakati, mtendewa, tendo lenyewe, na ile "ia" ya kumfanyia mwenzako.

"Basi na hili likate hivyo hivyo."

Akaandika nyuma ya karatasi chakavu: hepar, ini, splen, bandama, megas, kubwa. Yote ya Kigiriki. Kumbe daktari alikuwa ameandika sentensi nzima: ini na bandama vimekuwa vikubwa. Sista akauongoza mkono wangu chini ya mbavu za kushoto za mtoto, na bandama ikanigusa vidole, ngumu, imeshuka kuliko inavyostahili. Tangu hapo naamini kwa dhati kwamba anayezungumza lugha ya Kibantu hana sababu ya kuyaogopa maneno haya. Kuvunja na kuunga viungo vya neno ni kazi anayoifanya tangu ajifunze kusema.

Mstari wa chini ulikuwa na "hypoglycaemia". Hypo ni chini, glykys ni tamu, haima ni damu. Ukiweka hyper mahali pa hypo, sukari imepanda badala ya kushuka, na matibabu yanageuka kabisa. Ndiyo maana Sista alinitamkisha yote mawili kwa sauti, mara kadhaa, mpaka akaridhika. Haima hiyo hiyo nikaikuta kwenye anaemia, leukaemia na haemoglobin.

Alinionya pia. Maandishi ya mlangoni yalisema "Paediatric", na mwenye Kilatini kidogo angeweza kudhani ni habari za miguu, kwa kuwa pes, pedis ni mguu, kama katika pedestrian. Lakini hii ni pais ya Kigiriki, mtoto. Mizizi miwili, sura moja. Usilikate neno bila kuangalia limekaa wapi.

Mama wa mtoto alikuwa ametusikiliza muda wote. Asubuhi, kwenye raundi ya madaktari, alilisikia lile neno refu na akabaki nalo moyoni. Sasa akaniuliza mimi.

"Daktari, huo ni ugonjwa mwingine tena?"

"Hapana, mama. Ni malaria ile ile. Imefanya ini na bandama vikue. Hata dripu aliyotundikiwa usiku ilikuwa ya sukari, maana sukari ya damu ilikuwa imeshuka."

Akapitisha mkono wake pale nilipopitisha wangu.

"Na hii itarudi ndani?"

Nikamtazama Sista. Akaniachia nijibu mwenyewe.

"Malaria ikitibiwa ikaisha, mama, huwa inapungua polepole."