Komoro jamani, jirani tusiyemjua

Juzi kwenye daladala kuna jamaa anabisha eti Komoro ni mambo ya Madagaska huko haituhusu, mi nikacheka kimoyomoyo. Hivi Wangazija wa Zanzibar mnadhani wametokea wapi? Kisiwa kikubwa chenyewe ndo kinaitwa Ngazija, Wafaransa wanakiita Grande Comore, kuna Nzwani na Mwali, afu cha nne Maore, hapo ndo kizungumkuti.

Stori iko hivi, 1974 walipiga kura ya uhuru, visiwa vitatu vikasema ndiyo kwa kishindo, Maore wakagoma, kwahiyo Julai 6, 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru ila Maore ikabaki kwa Mfaransa mpaka leo, na 2011 ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Abdallah mwenyewe hata mwezi hakumaliza, Agosti wakampindua! 1978 akarudishwa na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, akaja kuuawa 1989. Mapinduzi ya kule we acha tu. Hata wanajeshi wetu wa Tanzania walienda 2008 chini ya Umoja wa Afrika kumtoa Kanali Bacar aliyekuwa ameng'ang'ania madaraka kisiwani Nzwani.

Nchi ndogo, kilomita za mraba kama 1,861 bila Maore, ila ina volkano hai, Karthala, mita 2,361, iko juu ya mji mkuu Moroni. Wanalima vanila, karafuu na langilangi za manukato. Na lugha yao ukitega sikio vizuri unadaka maneno kibao, ni ndugu wa Kiswahili kabisa.