Namna nilishikilia mtaji wangu Goma benki zilipofungwa

Mimi nauza maharagi na unga Goma, mji wa mashariki ya Kongo, upande wa mtaa wa Birere. Watu wa mbali wananiulizaga kama vita ilipoingia feza ilikuwa mingi bila thamani, nawaambia hapana, kwetu feza yenyewe ndiyo ilipotea. Waasi wa M23 waliingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Benki Kuu ya Kinshasa ikafunga tawi lake la hapa, benki zingine zote zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa, kwa hiyo noti mpya za faranga hazikuwa na njia ya kuingia na zile zilizobaki tulizungusha mikononi mpaka zikachakaa kabisa.

Noti ya 500 unaipokea imegandishwa na skochi katikati, namba karibu inafutika, ukimpa motari, yule wa pikipiki, anakataa na bado uko na mfuko begani, mnaanza kubishana hapo barabarani. Na dola ni shida ingine, kona ikipasuka hata kidogo ao kama kuna alama ya biki juu ya ile sura, kambisti, yule mbadilisha feza, anakurudishia, ao anaikubali kwa bei ya kukuumiza. Halafu faranga zikiwa haba ukienda kubadilisha dola unapewa chache kuliko kawaida, na bei ya unga sokoni haishuki hata kidogo. Hapo ndipo niliona kama nikikaa tu na dola ndani ya nyumba, mtaji utaisha huku nauangalia.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kugeuza feza kuwa vitu, kila dola safi niliyopata nilinunua maharagi ya Masisi ama unga unaotoka Bukavu na boti, zile siku boti zilikuwa zinatembea. Dola chache nilibakisha kwa ajili ya ugonjwa na kwa kuvuka Gisenyi, upande wa Rwanda, nikaziweka ndani ya daftari ngumu zisikunjike.

Cha pili, na hiki ndicho kilinisaidia zaidi, niliacha kuandika madeni kwa faranga. Wateja wangu wengi ni walimu na wafanyakazi, mishahara yao ilikuwa imekwama benki, wengine wanavuka mpaka wa Petite Barrière kutafuta mashine ya kutolea feza Gisenyi na wanapanga mstari siku nzima. Siwezi kuwanyima chakula. Basi nikaandika murongo, kile kipimo chetu cha sokoni: fulani amechukua murongo mbili ya maharagi, siku akilipa atalipa bei ya murongo mbili ya siku hiyo. Mama mmoja mwalimu aliniuliza, "Yaya, na bei ikishuka?" Nikamwambia ikishuka faida ni yako. Alikubali palepale, na wengine wakafuata.

Feza ya simu nayo ilikuwa na mtego wake. Mteja anakutumia vizuri, lakini kuitoa wakala anakata kamisyo kubwa sana kwa sababu hana noti. Mimi nikaacha kutoa kabisa. Niliongea na mama anayeniletea unga nikamwomba nimlipe kwa simu, naye analipa mwenye boti kwa simu, hivyo ile feza inazunguka kati yetu bila kupita kwa wakala. Noti ndogo ndogo nilizipata kwa wauza mboga, jioni naenda kwao na noti kubwa nawapa, wananipa za 500 na za 1000, kwa sababu bila chenji mteja anaondoka hata kama anataka kununua.

Mwezi wa nne CADECO, benki ya akiba ya serikali, ilifunguliwa tena chini ya utawala wa M23, lakini mimi mtaji wangu ulikuwa tayari ndani ya mifuko. Halafu kuelekea mwezi wa kumi faranga ikapanda nchi nzima, dola ikatoka karibu faranga 2,800 ikashuka chini ya 2,500, wenye dola wakalia kwa sababu bei ya bidhaa ilibaki palepale. Wateja waliokuwa na deni la murongo hawakuumia, mimi pia sikuumia.

Mama yangu ananikumbusha noti ya zaire milioni tano ya rais Mobutu mwaka 1993, wafanyabiashara walivyoikataa na askari waliolipwa nayo wakaanza kupora. Anasema wakati ule nyumbani tulikula kwa sababu yeye alikuwa na chumvi na sabuni za kubadilisha na watu wa vijijini. Mimi daftari la murongo bado naliandika mpaka leo, na walimu wangu wanalipa pole pole.