Wewe wiki hii umehesabu nini?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya leo nimechelewa kuileta kwa sababu ilibidi inichape mimi kwanza.

Jumatatu tulikuwa safarini, mume wangu anaendesha, mimi nimekaa pembeni yake na hatuongei. Hakukuwa na ugomvi mkubwa, ni ule ukimya wa mtu anayejibu "sawa" na "mh" basi. Huku nyuma watoto wameshaanza mchezo wao, "mimi nachukua nyeupe", "mimi nyekundu", "hiyo yangu, nimeiona wa kwanza!" Nikashtuka kweli maana ni mchezo wetu ule ule, na sikumbuki kama niliwahi kuwafundisha.

Sisi kwetu tulikuwa wanne tumebanana siti ya nyuma. Kila mtu anachagua rangi, wa kwanza kufikisha 20 ndo mshindi, na sheria ya baba ilikuwa yaliyopaki hayahesabiwi. Ugomvi ulikuwa kwenye zile za silva, mwenye nyeupe anazidai na mwenye kijivu naye anazidai. Tukichoka na rangi tunahamia namba za gari, unajumlisha tarakimu, mwenye jumla kubwa anashinda. Usiku tunatafuta gari lenye taa moja. Na ile Volkswagen ya mgongo wa duara, dada yangu akiiona tu kabla yangu ameshanigonga bega. Kelele zikizidi, mama bila hata kugeuka anasema Zaburi ya 20, "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu", na tunajua hapo mchezo umeisha, tunaimba.

Sasa kuna kitu cha huo mchezo nilikuwa sijawahi kukikalia nikakitafakari mpaka Jumatatu. Ukichagua nyeupe, ghafla barabara nzima ni nyeupe, unajiuliza haya magari yote yametoka wapi. Hayajatoka popote, yalikuwepo, ila ulikuwa hujaliambia jicho liyatafute. Na wakati unahesabu nyeupe, nyekundu zinakupita hata tano zimefuatana na ukiulizwa utaapa hujaona hata moja, na wala hutakuwa unadanganya.

Roho Mtakatifu akaniuliza palepale kwenye siti, na wewe unahesabu nini?

Wapendwa, nilikuwa nahesabu. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa na hesabu kichwani. Mume wangu alisahau nilichomwomba, moja. Alinikatiza mbele ya wageni, mbili. Hakuuliza siku yangu ilikwendaje, tatu. Nilikuwa nimefika mbali sana na nilikuwa sikosei, na ndio maana nilijiona niko sahihi. Na mimi ndiye ninayefundisha kina mama 1 Wakorintho 13, kwamba upendo "hauhesabu mabaya". Naijua kwa kichwa hiyo sura.

Twende 2 Wafalme 6. Mnaijua, nabii Elisha yuko mji wa Dothani, mfalme wa Shamu ametuma jeshi usiku wameuzunguka mji, mtumishi anaamka alfajiri anatoka nje anaona farasi na magari ya vita yale ya kukokotwa na farasi, analia "Ole wetu! Bwana wangu, tufanyeje?" Naomba tusimcheke yule kijana, maana hesabu yake ilikuwa sahihi. Yale magari yalikuwepo kweli na yalikuja kwa ubaya, na Elisha hakumwambia hakuna kitu unaota. Alimwambia "walio pamoja nasi ni wengi kuliko wale walio pamoja nao", halafu akaomba, "Ee BWANA, nakusihi, mfumbue macho yake, apate kuona." Na kijana akaona kilima kimejaa farasi na magari ya moto. Yalikuwepo muda wote anaolia. Alikuwa amehesabu rangi moja tu.

Ndo maana sitawaambia kwamba makosa mnayoyaona kwa wenzenu ni ya kufikirika. Mengine ni ya kweli na yanauma. Lakini hebu tuambiane ukweli kama familia, wewe unayekuja ibadani ukatoka na orodha, nani kachelewa, nani kavaa nini, mchungaji karudia mfano wa mwezi uliopita, hivi neema ya Mungu iliyotembea humo ndani saa mbili nzima ilikupita wapi? Wewe mzazi unayeweza kutaja makosa 10 ya mwanao bila kupumua, taja basi 10 aliyofanya vizuri tangu Jumapili. Ukikwama kwenye la tatu usikimbilie kusema mtoto huyu hana zuri. Ile Volkswagen niliyoisema zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, kwa hiyo siku hizi unaweza kwenda safari nzima usiione, lakini anayeitafuta kwa moyo siku moja anapiga kelele mpaka dereva anashtuka. Mtafute mwanao hivyo. Mtafute ndugu yako hivyo, hata kama zuri lake limekuwa adimu. Na kabla hujaendelea na ile orodha soma Zaburi 130, "BWANA, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" Yani Yeye mwenye haki ya kuhesabu ameacha, sisi tumeshika kalamu!



Kuna kipande cha mwisho cha Dothani ambacho huwa tunakiruka. Wale maadui waliletwa mpaka Samaria mikononi mwa mfalme wa Israeli, mfalme akauliza niwapige? Elisha akasema hapana, wape chakula na maji wale wanywe waende zao. Mtu aliyeyaona magari ya moto anaweza kumtengea meza aliyekuja kumkamata. Mimi nilikuwa nashindwa hata kumuuliza mume wangu amechoka?

Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo halafu akasema ndio, na akaanza kueleza mambo ya kazini ambayo alikuwa ameyabeba peke yake wiki nzima. Nikamwomba msamaha hapohapo, watoto wanasikia.

Mdogo akachungulia katikati ya viti, "Mama na wewe unacheza? Umechagua rangi gani?" Nikamwambia nacheza ila yangu ni siri. Baba yao alikuwa amepunguza mwendo kumwachia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni avuke, kabla ya hapo alikuwa amenishushia kile kikinga jua bila mimi kusema. Tulipofika nilikuwa nimefikisha 11.