Treni Imefika kwa Wakati, Abiria Hawajafika

Kila mwezi kampuni inayoendesha treni za mkoa ninazozitumia hutoa taarifa ya utendaji wake, na kwa muda mrefu sasa taarifa hiyo imekuwa ikisema kwamba treni zilizo nyingi zilifika kwa wakati. Nimeisoma mara nyingi nikiwa nimesimama jukwaani, nikiingojea treni ambayo haijatokea, nikajiuliza kama mimi na aliyeiandika tunazungumzia reli moja. Leo nimeamua kuliandika jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa nimechoka kulilalamikia, na kwa kuwa nimeanza kuamini kwamba taarifa ile haisemi uongo hata kidogo. Wao wanahesabu treni, nami ni abiria.

Kila nchi imejiwekea kipimo chake cha kuchelewa. Nchini Ujerumani, treni huhesabiwa kuwa imewahi iwapo imechelewa kwa chini ya dakika 6, ilhali Uswisi hairuhusu kufika dakika 3. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi treni za mkoa zilivumiliwa hadi dakika 5 na zile za masafa marefu hadi dakika 10, mpaka ulipofika mwaka 2019, ambapo msisitizo ulihamia kwenye dakika moja, tena kwa kuangalia vituo vya njiani na si pale tu safari inapoishia. Badiliko hilo la mwisho naliona kuwa kubwa kuliko lile la dakika. Watunga ratiba wana desturi ya kuweka muda wa akiba karibu na mwisho wa safari, hivyo treni inaweza kuchelewa katikati ya njia, ikalifidia pengo hilo mwishoni, na kuingia kituo cha mwisho ikiwa haina doa lolote katika takwimu, wakati walioshuka njiani wamekwisha kupoteza miadi zao. Zaidi ya hapo, Ujerumani huiacha treni iliyofutwa nje ya hesabu ya kuwahi, kwa hoja kwamba treni ambayo haikusafiri haiwezi kusemwa kuwa imechelewa. Kimantiki hoja hiyo haina kasoro. Kasoro inaonekana tu kwa mtu aliyekuwa akiisubiri.

Kuna mbinu nyingine ambayo mimi binafsi nimekutana nayo zaidi ya mara moja, nayo inatokana moja kwa moja na namna hii ya kuhesabu. Treni ikichelewa sana, msimamizi wa mwendo huamua igeuzwe kabla haijafika mwisho wa njia, ili safari ya kurudi ianze kwa wakati wake. Abiria wa vituo vya mwisho huombwa washuke na kusubiri inayofuata. Wenye reli wana sababu zao, na nakiri kwamba si za kupuuzwa, kwa maana treni moja iliyochelewa huchelewesha zamu inayofuata, na nyingine baada ya hiyo, hadi usiku. Lakini angalieni ni nani anayelipa gharama ya kuirekebisha siku. Daima ni mtu yuleyule, anayeishi kwenye ncha ya njia, ambako treni ni chache na hakuna usafiri mwingine.

Kiini cha uchungu wa treni za mkoa, kwa maoni yangu, ni makutano. Abiria wa treni kubwa ya masafa marefu mara nyingi hupanda na kushuka bila kubadili, ilhali sisi tunapanda treni ndogo ili tukaipate nyingine. Ikiwa treni ya pili hupita mara moja kwa saa, na muda wa kubadilisha jukwaa ni dakika 6, basi kuchelewa kwa dakika 7 hakuwi tena kuchelewa kwa dakika 7, bali kwa saa nzima. Katika vitabu vya kampuni, treni ya kwanza imechelewa kidogo tu na ya pili imeondoka kwa wakati wake kamili, na pengine imesifiwa. Saa yangu iliyopotea haina safu inayoandikwa.

Waswisi walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1982 walianzisha ratiba ya nchi nzima ambamo treni huondoka dakika ileile ya kila saa, jambo ambalo Uholanzi ilikuwa imelifanya tangu mwaka 1970. Kisha, katika kura ya maoni ya mwaka 1987, wananchi wa Uswisi waliidhinisha mpango mkubwa wa kuboresha reli, ambao awamu yake ya kwanza ilikamilika Desemba 2004. Mpango huo haukuanza kwa kuuliza treni inaweza kukimbia kwa kasi gani. Ulianza na ratiba: treni kutoka pande zote ziingie katika stesheni ya makutano muda mfupi kabla ya saa kamili au nusu saa, abiria wavuke majukwaa, kisha zote zitoke kwa pamoja. Ili hilo liwezekane, safari kati ya makutano mawili ilipaswa kuwa fupi kidogo kuliko saa moja. Safari ya Zürich hadi Bern ilizidi kipimo hicho, hivyo wakajenga kipande kipya cha reli, na muda ukashuka hadi dakika 56. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Ningependa kila waziri anayeahidi treni ya mwendokasi aketi na hesabu hiyo jioni moja kabla ya kutoa hotuba, kwani kuokoa dakika 10 njiani na kisha kumwacha abiria asubiri dakika 40 kwenye makutano ni kutumia fedha nyingi kwa faida ndogo. Isitoshe, shirika la reli la nchi hiyo hupima kuwahi kwa abiria, si kwa treni peke yake, ili treni iliyojaa ikichelewa iwe na uzito mkubwa kuliko iliyo tupu, na hutoa pia hesabu ya miunganisho iliyofanikiwa.

Mtu anaweza kusema kwamba ratiba nzuri haiondoi ubovu wa njia, na ni kweli. Njia nyingi za mkoa zina reli moja tu inayotumiwa na treni za pande zote mbili, ambazo hupishana kwenye vituo vyenye reli ya pembeni. Moja ikichelewa, ile inayotoka upande wa pili inalazimika kuisubiri, na hivyo ucheleweshaji huhamia kwa watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na chanzo chake. Katika karne iliyopita, njia zilipokuwa zikikatwa kwa sababu ya gharama, mara nyingi reli hizo za kupishania ziling'olewa ili kupunguza matengenezo, na leo ndizo zinazokosekana. Kurudisha sehemu chache za kupishania mahali palipochaguliwa vizuri hakuvutii wapiga picha kama kuzindua mabehewa mapya, ila ndiko kunakoiokoa njia nzima siku jambo likiharibika.

Kuhusu nauli nitasema machache. Majira ya joto ya mwaka 2022 Ujerumani iliuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi kwa usafiri wote wa mijini na treni za mkoa, na mabehewa katika njia nyingi yakafurika kiasi cha watu kuachwa majukwaani. Mei 2023 ikafuata tiketi ya kudumu, kwa euro 49 wakati huo. Bei ilizungumzwa sana, lakini mimi ninachokionea wivu ni kwamba tiketi hiyo moja inakubaliwa na kampuni zote za treni za mkoa na mabasi ya miji, bila abiria kuhitaji kujua mipaka ya nani inaishia wapi. Hapa nilipo, abiria anayebadilisha kampuni hununua tena, na akikosa treni ya pili kwa sababu ya kampuni ya kwanza, kila upande humwelekeza kwa mwenzake.

Fidia nayo ina kitendawili chake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamrudishia abiria asilimia 25 ya nauli akichelewa kwa saa moja au zaidi, na asilimia 50 kuanzia saa mbili, lakini inaziachia nchi uhuru wa kuziondoa treni za mkoa katika sehemu kubwa ya masharti hayo. Maana yake ni kwamba mtu anayesafiri kila siku anaweza kuwa na ulinzi mdogo kuliko anayesafiri kwa mapumziko. Nchini Uingereza kampuni nyingi hulipa kuanzia dakika 15, na kipimo hicho kinakaribia zaidi maisha ya mtu anayekwenda kazini. Hata hivyo, nauli ya mkoa ni ndogo, na robo yake ni ndogo zaidi, kwa hiyo watu wengi hawasumbuki kujaza fomu. Napenda zaidi desturi ya Wajapani, ambao kampuni zao za reli hutoa hati ya kuthibitisha kwamba treni ilichelewa, ili mfanyakazi au mwanafunzi aionyeshe anakokwenda. Hati hiyo haina thamani ya fedha, lakini inakubali kwamba kosa halikuwa la abiria, na inamwondolea aibu ya kujieleza mbele ya mkubwa wake kama mtoto aliyechelewa darasani.

Kukubali huko ndiko kunakokosekana katika matangazo yetu. Vipaza sauti husema kwamba treni imechelewa "kutokana na sababu za kiutendaji", huomba radhi, kisha hunyamaza. Radhi nimezisikia za kutosha. Ninachotaka kujua ni kama treni imekwisha kutoka kituo kilichotangulia, na kama ninao muda wa kutafuta njia nyingine. Msimamizi wa mwendo anayajua hayo kwenye skrini yake, na mara nyingi hata kondakta hayajui, hivyo abiria humfokea mtu ambaye naye anasubiri kuambiwa.

Kamati ya abiria ya njia yetu inapokea mapendekezo kabla ya ratiba mpya, na nimekuwa nikifikiri nianze na lipi. Sehemu za kupishania zitachukua miaka, na tiketi ya pamoja itahitaji kampuni zikubaliane. Nimechagua jambo linaloweza kuanza na ratiba hiyohiyo: treni ya mwisho ya usiku isiondoke kwenye makutano kabla ya ile inayoiletea abiria wake kuingia, mradi ucheleweshaji hauzidi kiwango kitakachoandikwa na kubandikwa mahali pa wazi, na kondakta wa treni inayochelewa awe na wajibu wa kutoa mapema idadi ya wanaobadilisha. Wakati huo wa usiku hakuna treni nyingine nyuma yake ya kucheleweshwa, na anayeikosa hana ya kuisubiri hadi asubuhi. Najua hoja watakayoileta: zamu ya dereva ina kikomo cha saa, na kikomo hicho kipo kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo nimeongeza kwamba zamu ya usiku ipangwe ikiwa na muda huo wa kusubiri ndani yake tangu mwanzo.